Sinia Lisiloonja Moto

Shika simu yako vizuri isikudondoke, maana hili lililotokea Jomvu Kuu ukisimuliwa utasema watu wamevuta kitu. Mtu aligoma kula mpaka daktari akasema atundikiwe maji, halafu akaja kulishwa na mtu ambaye siku hiyo hakutakiwa kutia mdomoni hata tone la maji! Bila moto. Bila sufuria. Bila hata kijiko cha kukorogea chai. Lakini tusiruke hatua. Tuanze na joto.

Joto lenyewe lilikuwa lile la mwezi wa tatu, kabla mvua haijakata shauri, wakati hata jasho linatoka likijuta. Kuku wamejibanza kivulini midomo wazi. Mabati yanalia ta! ta! kama kuna mtu anayarushia kokoto. Na stima nayo, yenye tabia ya kutoroka siku inapohitajiwa, ilikuwa imepotea tangu alfajiri, feni la dari limenyamaza kama mtu aliyekemewa.

Nyumba ya marehemu Mzee Nassor haiko mbali na msikiti, ukishuka kidogo kuelekea majini. Mchana ndani mlibaki watu wawili tu. Mmoja Zuleikha, msichana aliyemaliza shule mwaka jana na bado anangoja kuitwa chuo. Wa pili nyanya yake, Bi Barke, mjane wa Mzee Nassor, yuko edani: nguo nyeupe, chumba cha ndani, hatoki, hajipambi, kazi yake ni kumwombea mumewe.

Eda si tatizo. Wangapi wamekaa eda wakatoka salama? Tatizo ni kwamba tangu Mzee Nassor azikwe, Bi Barke na chakula wamekuwa mahasimu. Kitunguu kikigusa mafuta ya moto tu, yeye kanga puani. Wali ukichemka, anageukia ukutani. Harufu ya samaki wa kukaanga ndiyo usiseme! Alianza kwa kula nusu sahani, ikawa robo, ikawa tonge, na sasa tangu juzi ni maji na tende, tena tende yenyewe kwa kubembelezwa. Mikono imekuwa kama njiti za ufagio. Akisimama kuswali anashika ukuta.

Asubuhi hiyo mamake Zuleikha, Ummulkheir, anayefua mashuka kwenye hoteli moja kule Shanzu, alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Zuleikha."

"Abee, mama."

"Nyanya yako leo lazima ale. Daktari alivyosema ulimsikia kwa masikio yako. Asipokula leo, jioni narudi na gari, tunampeleka hospitali akatundikiwe maji. Nimeshaongea na dereva."

Kutoka chumba cha ndani ikaja sauti, nyembamba lakini kali kama uzi wa kushonea viatu.

"Sitoki!"

"Mama, hata maalim amesema mgonjwa ana ruhusa kutoka."

"Maalim hakuolewa na Nassor. Mimi ndiye niliyeolewa. N'takaa humu mpaka eda yangu ishe. Mukinitoa kabla, mutanitoa nimelala."

Ummulkheir akamwangalia bintiye, macho yamejaa maji. Akavuta buibui lake, akaenda zake kazini.

Ndipo mzigo ukamwangukia Zuleikha. Mpaka jioni, nyanya awe amekula, au watu waje wamtoe kwa nguvu kwenye nyumba aliyoapa hatatoka, na pengine moyo wake usirudi tena. Hakuna njia ya tatu.

Zuleikha akaketi barazani akafikiri. Kupika? Haiwezekani. Ukiwasha jiko tu, harufu inafika chumbani kabla yako. Akatoa simu, betri imebaki kidogo sana, akaandika: chakula cha wakati wa joto bila kupika. Ikaja video ya mwanamke wa ng'ambo amepanga ubao mzima wa vitu: jibini, zabibu, matango, mikate midogo midogo, kila kitu kinapendeza kama kitambaa cha leso mpya. Hakuna moto popote. Zuleikha akaitazama mara mbili. Kisha akasema peke yake, "Ubao? Kwetu ubao ni wa kuandikia Kurani chuoni. Chakula hukaa kwenye sinia."

Na sinia lilikuwapo! Lile kubwa, la Bi Barke na Mzee Nassor, limesimamishwa nyuma ya kabati tangu msiba. Wazee wale walikula sinia moja maisha yao yote ya ndoa. Zuleikha akalitoa, akalisugua kwa majivu na ndimu mpaka likamrudishia uso wake.

Akatoka mbio sokoni. Njiani akamkuta Kahindi, muuza madafu, amelaza baiskeli yake kwenye kivuli cha ukuta.

"Kahindi, nipe dafu lenye nyama laini. Lisiwe gumu kama kichwa chako. Hili la mwaka gani?"

"La mwaka utakaoolewa."

"Si mwaka huu basi?"

"Ndiyo maana bado ni changa!"

Watu waliokuwa kivulini wakaangua kicheko. Zuleikha akabeba madafu yake, akapitia embe boribo mbivu na embe moja bichi, tikiti maji, matango, tungule nyekundu, avokado, ndimu, majani ya kotmiri, pilipili mbichi, kopo la mtindi na mikate miwili ya boflo iliyotoka tanuri la watu wengine alfajiri. Nazi ilikuwapo nyumbani, na tende pia.

Akaketi uani na kisu na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Nyuma ya nyumba kuna vyumba vya kupangisha, na kwenye kimoja anakaa Pascalia, mama wa kutoka Siaya, anapanga magunia ya majani chai kwenye ghala la Changamwe, zamu ya usiku. Mwanamke wa mwili na kicheko. Akicheka, paka wa mtaa wanahama. Siku hiyo joto lilikuwa limemfukuza kitandani, amekaa mlangoni pake anajipepea kwa kifuniko cha ndoo.

"Zule, unafungua hoteli?"

"Ya mteja mmoja, mama. Tena hataki kula. Hebu shika, onja embe hii."

Pascalia akarudisha mkono nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka.

"Yawa, usinijaribu! Nimefunga mimi. Mama yangu anafanyiwa operesheni Jumatatu. Sisi watoto wake wote tumekubaliana kufunga mpaka Jumapili, kavu, hata maji hapana, mpaka jua lizame. Kaka yetu Oduor anapiga simu kila jioni kuuliza kila mmoja. Alisema mtu mmoja akivunja, kamba imekatika."

"Na zamu ya usiku unabebaje magunia bila kula mchana?"

"Nabeba tu. Mama ni mama."

Zuleikha akaona haya kwa ile embe aliyomnyooshea. Akainama akaendelea na kazi.

Na kazi yenyewe, lo! Ungemwona ungetaka kuhama kwenu. Nazi akaikuna, nusu akaitwanga kinuni na kotmiri, pilipili na chumvi, akakamulia ndimu, ikawa chatini ya kijani inayokutoa mate ukiwa mbali. Matango akayakata mviringo, akayazungusha ukingoni mwa sinia. Tungule katikati ya matango. Embe bichi nyembamba nyembamba, akainyunyizia chumvi na pilipili ya unga. Boribo mbivu akaipasua vipande vinono, vya njano mpaka vinataka kuongea. Nyama ya dafu akaichota kwa kigae cha dafu lenyewe, laini, inatetemeka. Avokado na ndimu. Tikiti jekundu. Tende akazitoa kokwa. Boflo akazirarua kwa mkono, kwa sababu mkate wa kukatwa kwa kisu Bi Barke huuita mkate wa wagonjwa. Katikati kabisa bakuli la mtindi, baridi bado kwa kukaa ndani ya mtungi. Akasogea nyuma akatazama. Wallahi lilikuwa kama bustani imelala chali!

Akapiga picha. Simu ikazima.

Akalibeba sinia mpaka chumba cha ndani, akaliweka mkekani mbele ya nyanya yake. Akachukua sahani ndogo, akachagua vilivyo bora, akampangia.

"Nyanya, tazama. Hakuna kilichoona moto humu ndani. Hakuna harufu ya kitunguu. Kula."

Bi Barke akatazama. Macho yakapita juu ya embe, juu ya dafu, yakatulia kwenye ile sahani ndogo.

"Sina ndaa, mwanangu."

"Kipande kimoja."

"Sina."

"Basi nakuacha peke yako ule bila kutazamwa, sawa?"

Akatoka. Akakaa nyuma ya pazia akasikiliza. Alisikia nzi. Alisikia mtu anavuta tasbihi. Hakusikia mtu anatafuna. Alipochungulia, sahani ilikuwa pale pale na mtindi umeanza kutoa jasho. Jua limeshavuka utosi. Zuleikha akauma ncha ya mtandio wake asilie kwa sauti.

Hapo ndipo ikasikika hodi.

Ni Pascalia. Mkononi ana chupa ya maji yaliyoganda kabla stima haijapotea, ameizungushia gazeti isiyeyuke haraka.

"Nimemletea bibi aweke kwa paji la uso. Naweza kuingia?"

"Ingia, mama."

Akaingia. Na sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penyewe. Mtu wa pwani hata awe anakata roho, mgeni akimkuta na chakula kilicho wazi, atamkaribisha. Haamui yeye. Ulimi unaamua wenyewe. Bi Barke akainua kichwa.

"Karibu. Karibu chakula."

"Asante bibi, nimeshiba."

"Umeshibia wapi na kwangu hujala?"

"Nimeshiba kabisa, bibi. Nimekuletea tu maji baridi."

Bi Barke akalitazama sinia, akatazama mahali upande wa pili wa mkeka ambapo hapakuwa na mtu. Kisha akasema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma:

"Haya. Funika sinia, Zuleikha. Nyumba hii imekwisha. Zamani Nassor hakuwahi kuachia mtu apite mbele ya sinia lake. Leo hata mgeni hataki kuonja."

Zuleikha alikuwa nyuma ya Pascalia. Alitaka kusema, nyanya, amefunga huyu! Lakini akaona bega la Pascalia limeganda. Pascalia aligeuka akamwangalia Zuleikha, macho kwa macho. Halafu akatazama ile mikono ya njiti za ufagio. Akafumba macho, midomo ikacheza kidogo bila sauti. Akavua kandambili, akanawa mikono kwa maji ya birika, akaketi mkekani, mahali pale pale palipokuwa patupu.

Na akavusha mkono katikati ya sinia, akanyakua kipande kinono kuliko vyote cha boribo, cha upande wa Bi Barke!

Bi Barke aliruka.

"We mwana! Huli kwako?"

"Kwangu wapi, bibi?"

"Kwako hapo mbele yako! Mtu huanza kwake, akafuata kwake, hatembei sinia zima kama mbuzi aliyekata kamba!"

"Aa, bibi, kwetu kila mtu na sahani yake. Unajua mpaka wako."

"Hapa pia mpaka uko. Hauonekani tu."

Na akiwa bado amekunja uso, Bi Barke akafanya kitu ambacho Zuleikha hakukitegemea. Mkono wake mwembamba ukaingia kwenye sinia, ukachagua embe, ukachagua dafu, ukachagua avokado, ukavisukuma kimoja kimoja mpaka mbele ya Pascalia. Ndio desturi yenyewe: vinono viko kati, mgeni haviendei, mwenye nyumba ndiye humsogezea.

"Haya. Hivyo ndivyo vyako. Kula sasa kwa adabu."

Pascalia alishika kipande. Hakukila.

"Na wewe?"

"Mimi sina ndaa."

"Basi na mimi naogopa. Kwetu mwenye nyumba akikuwekea chakula na yeye hataki kukigusa, unajiuliza mara mbili."

"Unajiuliza nini?"

"Kama ameweka kitu ndani."

Zuleikha akafumba mdomo kwa mkono. Astaghfirullah! Ndani ya nyumba ya Mzee Nassor, mtu anasema hivyo mbele ya mwenye nyumba! Bi Barke macho yalimtoka.

"Sumu? Mimi, Barke, nikutilie wewe sumu? Kwenye embe?"

"Mimi sijasema. Wewe ndio umesema."

"Laa ilaha illallah! Mtu mzima mimi!"

Akanyakua kipande cha embe bichi chenye chumvi na pilipili, akakitia mdomoni, akatafuna huku akimkodolea Pascalia macho. Akameza. Akachukua boflo, akaichovya kwenye chatini, akatia mdomoni. Akameza tena.

"Nimekufa?"

"Bado."

"Basi kula, mshenzi wee!"

Na Pascalia akacheka kile kicheko chake cha kuhamisha paka, akatia embe mdomoni, akala. Hapo Zuleikha ndipo alipoiona ile funga inavunjika mbele ya macho yake, kimya kimya, kama uzi wa kanzu, na mwenyewe akitabasamu.

Unadhani imeisha? Haijaisha!

Baada ya vipande vitatu vinne Pascalia alianza kujifuta vidole. Amekwisha onja, desturi imetimia, hata Mungu angeelewa kuonja. Akamuuliza Bi Barke, kwa sababu aliona na yeye mkono wake umetulia pembeni mwa sinia:

"Bibi, umemaliza?"

"Sijamaliza. Mwenye sinia hainui mkono mgeni angali mkekani. Ukiinua kabla yake umemwambia toka, umeshiba wewe. Aibu hiyo."

"Kwa hivyo nikiendelea kula..."

"Na mimi niko na wewe. Ndio heshima ya mgeni."

Zuleikha aliuona uso wa Pascalia ukibadilika. Kama mtu aliyekuwa anatafuta ufunguo akaukuta umo mkononi mwake. Alikuwa tayari ameuvuta mkono aende kunawa. Akaurudisha. Akachukua kipande kikubwa cha boflo, akakipaka mtindi, akala. Bi Barke naye akachukua kidogo cha kwake. Pascalia tango, Bi Barke tango. Pascalia dafu, Bi Barke dafu. Mwanamke aliyeamka na njaa ya kufunga, sasa anajaza pilipili na ndimu juu ya tumbo tupu, polepole, bila kuacha, kama mtu anayembeba mwingine mgongoni kupanda kilima na hataki kumwambia kwamba amechoka. Machozi yakamtoka.

"Pilipili hiyo," Bi Barke akasema. "Hamuiwezi nyinyi wa bara. Paka mtindi."

"Ni kali, bibi."

"Nassor ndiye alikuwa anaila nyingi mpaka anatokwa makamasi. Halafu mwizi wa embe! Unageuka kuchukua maji, embe yako imehama mpaka."

Na akacheka. Bi Barke akacheka! Kidogo, kikohozi nusu, lakini Zuleikha aliona meno. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko chake tangu mazishi. Kisha akageuza kichwa mlangoni.

"Zuleikha, wasimama nini kama nguzo? Kata embe nyingine. Wataka mgeni akose?"

Zuleikha alikimbia uani nusura ajikate kidole. Joto lile lile, mabati yale yale yanalia, lakini yeye mwili mzima umemsisimka kama mtu aliyeingia maji ya baridi. Alikuwa amejipanga kumwona nyanya yake akifa njaa mbele ya bustani ile ya chakula. Kumbe haikuwa embe iliyokosekana, wala dafu. Aliyekosekana ni mtu wa upande wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa amempa nyanya sinia la watu wawili akamwacha alile peke yake, tena akamwekea na sahani ya mgonjwa! Na mtu aliyekuja kuketi pale hakutoka Jomvu, hajui mpaka wa sinia, na ana mamake mwenyewe hospitalini.

Walikula mpaka tikiti likabaki maganda na mtindi ukabaki ukingoni mwa bakuli. Pascalia ndiye aliyeinua mkono kwanza. Bi Barke akafuata.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Barke.

"Amina," akasema Pascalia.

Zuleikha akamwagilia maji mikono ya mgeni kwanza, kisha ya nyanya. Ile mikono ilikuwa bado myembamba, lakini ilinukia ndimu.

Pascalia alipokuwa anavaa kandambili zake, Bi Barke akamshika ncha ya leso.

"Kesho uje. Nakungoja wewe. Na keshokutwa uje. Usipokuja, n'tajua ulinichukia, na mimi sinia silifunui."

Pascalia akaingiza mguu kwenye kandambili ya pili.

"Tutaona, bibi."

"Hapana kuona. Sema inshallah."

"Inshallah," akasema Pascalia, na neno lilimtoka likiwa zito.

Zuleikha akamfuata mpaka uani.

"Mama Pascalia. Na ile kamba? Na kaka yako akipiga simu leo?"

Pascalia alikuwa ameegemea ukuta, mkono tumboni.

"Sijui nitamwambia nini. Nilipofumba macho pale nilisema, Baba, huyu ni mama wa mtu na yule ni mama yangu, wewe angalia mwenyewe. Mungu si karani. Lakini Oduor ni karani, huyo namjua." Akajaribu kucheka, kikatoka kidogo. "Leo nimeweza. Kesho tena, Zule? Na keshokutwa? Operesheni ni Jumatatu. Mama akipatwa na kitu, mimi nitajisemea nini maisha yangu yote?"

"Nimwambie nyanya ukweli?"

"Ukimwambia ataona haya, ataacha kula. Usimwambie. Au... sijui. Aki sijui. Wacha nilale."

Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Jua lilipoanza kupoa, stima ikarudi na feni likaanza kuzunguka. Zuleikha akatia simu chaji, ikawaka, na hapo hapo ikalia. Ni Ummulkheir.

"Zuleikha, niko stejini. Dereva ananingoja. Amekula?"

"Amekula, mama. Amekula sana. Ameomba embe ya pili."

Upande wa pili Ummulkheir akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekuwa amebeba ndoo kichwani siku nzima na sasa ameitua. Akamwambia dereva aende zake.

Hivyo basi Bi Barke hakutolewa. Nguo nyeupe, chumba chake, eda yake, vyote viko salama siku ile. Zuleikha akaingia ndani kulichukua sinia akalioshe. Alipoinama kulinyanyua, nyanya yake akamshika kifundo cha mkono. Nguvu zilikuwa zimerudi. Kifundo kilishikika kweli!

"Zuleikha."

"Abee, nyanya."

"Yule mwana alikuwa na nini?"

"Nani, nyanya?"

"Usinitezee. Pilipili naijua na machozi nayajua. Alipoingia alisema ameshiba, lakini midomo yake ilikuwa mikavu ya mtu aliyefunga. Halafu akala kama anayetumwa. Mimi nimemlazimisha mtu jambo?"

Zuleikha akafungua mdomo. Feni linazunguka. Ng'ambo ya ukuta, kwenye chumba cha kupangisha, simu ya Pascalia ikaanza kulia, ikalia, ikalia, haishikwi.

"Hapana, nyanya. Hakuna kitu."

"Sema wallahi."

Sasa fikiria. Akiapa, ameapa uongo mbele ya mjane aliye edani, na kesho Pascalia atakuja tena kuvunja funga ya mamake, na keshokutwa tena. Akisema kweli, Bi Barke atajua kwamba amemvunjisha funga mtu anayefunga kwa ajili ya mamake, na ule mkono uliorudi kwenye sinia leo huenda usirudi kesho, na gari la kwenda hospitali bado liko mjini. Nyanya anamtazama machoni, hajamwachia kifundo cha mkono. Simu ya jirani bado inalia.

Haya, wewe unayesoma, kama ungekuwa Zuleikha na sinia tupu mkononi, ungemjibu nini?